Kisanduku kilichokataa kusikia simu

Nahudumia duka moja la leso Biashara Street, Mombasa. Kaunta ina kompyuta, lakini muuzaji akipanda ghala hubeba simu ya Android, na huko juu ndiko tabu ilikokuwa. Ukurasa wa kutafuta mali, niliourithi kwa mwenzangu, ulifanya kazi kwenye kompyuta. Kwenye simu ukiandika, kimya. "Mwanangu, kitu chako hiki chachagua wa kumsikiliza," akaniambia mama mwenye duka.

Msimbo wa ukurasa ulikuwa ukingoja tukio la keydown, yaani taarifa ya brauza kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha ukisoma namba ya kitufe. Badala ya kubahatisha, nilitengeneza ukurasa mtupu wenye kisanduku kimoja, kila tukio likijiandika chini yake kwa jina. Nikaandika "kisutu" kwenye mashine zote mbili.

Kompyuta ilifuata kanuni ya UI Events ya W3C, shirika la viwango vya wavuti: kwa kila herufi keydown, kisha beforeinput (maandishi yako karibu kubadilika), kisha input (yamebadilika), mwisho keyup (kitufe kimeachiwa). (Keypress bado hujipenyeza baada ya keydown, ingawa imeshastaafishwa.) Kwenye simu kila keydown ilikuja na namba ileile, 229, yaani herufi imo mikononi mwa kibodi yenyewe, usiulize. Baada ya keydown ya kwanza ilikuja compositionstart, yaani neno limeanza kuundwa, na compositionend, ya kulimaliza, haikuja mpaka nilipogusa nafasi. Kibodi ya simu hulishika neno likiwa na mstari chini yake hadi uamue. Kwa hiyo kwake "kisutu" si vitufe sita, ni neno moja linalorekebishwa mara sita.

Basi utafutaji nikauhamishia kwenye input, ukasoma kisanduku kizima. Kisanduku cha bei nikakipa inputmode ya tarakimu, sifa inayoleta kibodi ya namba, na kukisafisha baada ya kuandikwa, maana neno likiwa bado linaundwa, beforeinput haikubali kuzuiwa.

Keydown nikaibakizia Enter tu, na hapo ndipo brauza zinapotofautiana kweli. Enter ya kuthibitisha neno haifai kutuma fomu, na isComposing, alama ya kwamba neno bado linaundwa, ipo kwa kazi hiyo. Lakini kuna brauza inayotuma compositionend kabla ya keydown, kwa hiyo ukiuliza unaambiwa neno limekwisha. Nikaongeza sharti la 229. Kutegemea namba ambayo kanuni yenyewe imeshaistaafisha kunanikera, ila fomu haijirushi tena.

Skana ya kaunta sikuigusa. Huandika tarakimu kama kibodi ya kawaida na kumaliza kwa Enter, hivyo keydown yaitosha.