Kilele cha 4U 1608-52 kilichogoma kuonekana: jinsi nilivyokipata

Wiki tatu nimehangaika na data za zamani za setilaiti ya RXTE, nikitafuta mpapatiko wa kasi wa eksirei kutoka 4U 1608-52, nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya mwenziwe. Kila nikichora grafu ya nguvu ya mpapatiko kwa masafa yake (hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde), kati ya hezi 600 na 900, badala ya kilele napata mstari bapa kama sakafu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto: nilipakua faili zenye hesabu za kila sekunde 16. Mpapatiko wa mara 800 kwa sekunde utauona wapi humo? Nikahamia faili za matukio, zinazoandika muda wa kufika kwa eksirei kwa hatua ya 1/8192 ya sekunde. Bado bapa. Nikachezea mipaka ya nishati, hola.

Kilichonitoa ni kuacha kupiga wastani wa data zote kwa pamoja. Nilikata data vipande vya sekunde 64, nikachora grafu ya kila kimoja na kuzipanga kwa mfuatano wa muda katika picha moja, weusi ukiwa ndiyo nguvu kubwa. Hapo nikaona kijistari chembamba kikitambaa taratibu. Kilele kilikuwepo siku zote, ila hakitulii, na mimi kwa kujumlisha kila kitu nilikuwa nakipaka kama siagi kwenye mkate.

Basi fuata masafa yake kipande kwa kipande, sogeza grafu hadi vilele vilingane, ndipo upige wastani. Mwanaastronomia Mariano Méndez na wenzake walifanya hivyo mwaka 1998 kwa nyota hii hii, kikajitokeza na kilele cha pili, dhaifu. Kwangu pia kilele hicho cha pili kikatoka, zaidi ya hezi 200 juu ya cha kwanza.