Siku meza ilipoondoka Chang'ombe

Ilikuwa Jumapili ya Agosti 2019. Nilikuta kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, imeegeshwa kinyumenyume mbele ya banda letu la pool, Chang'ombe, hapa Dodoma. Mama mwenye banda alinipigia usiku wa kuamkia siku hiyo: "Mwanangu, meza imepata mteja wa Bahi. Njoo utusaidie kubeba." Sikupata usingizi.

Meza ile niliianza nikiwa kidato cha kwanza, kazi yangu kuwapakia wakubwa chaki kwenye fimbo. Foleni ilikuwa sarafu ya shilingi 200: unaiweka juu ya ukingo wa mbao, zamu yako ikifika unaisukuma ndani, mipira 15 inaporomoka tumboni mwa meza kwa kishindo ambacho hadi leo nikikisikia popote nageuka. Anayefungwa anampisha mwenye sarafu inayofuata. Mpira ukizama umekwenda, isipokuwa mweupe; huo ulitofautiana kidogo na wenzake kwa ukubwa, kwa hiyo meza iliutambua na kuurudisha. Dereva wa bodaboda, mwanachuo na karani wa ofisini walisimama nyuma ya sarafu zao, na sikuwahi kuona mtu akirukwa zamu kwa sababu ya nguo zake.

Aliyenifundisha kucheza ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Akiingia tu, "Mbukwa!", salamu ya Kigogo, kwa Mgogo na asiye Mgogo. "Mjukuu wangu," aliniambia siku moja, "meza hii inavuta mlangoni. Ukipiga polepole, lenga nusu kidole nje ya shimo." Nilishinda wengi kwa nusu kidole hiyo. Wageni waliotoka mjini na fimbo zao za kuunganisha walikuwa wanabaki wanaangalia mpira mweusi ukipinda wenyewe pembeni mwa shimo.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hataki kuona vijana wanacheza pool saa za kazi. Sikatai, wapo waliokuwa wanashinda pale tangu asubuhi. Mama akawa anafungua saa kumi jioni. Lakini kilichomaliza banda, kwa macho yangu, kilikuja polepole: kwanza dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, kwenye duka la jirani, kisha mikeka ya kubeti kwenye simu. Kijana mwenye sarafu yake ya 200 hakuona tena sababu ya kusubiri zamu. Halafu serikali ikahamia Dodoma, viwanja vikapanda bei, na mwenye eneo akataka fremu za maduka.

Tukaanza kufungua skrubu. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimechakaa hadi weupe pale mipira ilipopangwa kila mchezo. Fundi akakivuta, kikaachia kwa mlio wa nguo inayochanika. Chini yake kuna jiwe. Wengi waliocheza miaka yote hawakujua kwamba wanachezea juu ya jiwe, la kijivu, laini kama limepakwa mafuta. Tulilinyanyua watu sita, hatua fupi fupi, mama akituelekeza mlangoni kwa mikono miwili.

Mzee hakutoka nje na sisi. Alikuwa amepiga goti kwenye fremu ya mbao iliyobaki. Aliniita, akabonyeza kona ya upande wa mlango kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Mchwa. Walikuwa wamekula mbao kwa ndani, wakaacha ganda la juu lenye rangi, na kwa miaka jiwe likawa linalalia upande huo kidogo kidogo.

"Kumbe ni hawa," akasema, akipangusa vumbi la mbao kwenye suruali yake.

Yule mteja aliposikia mchwa akasita, akaanza kuzungumzia kupunguziwa bei. Mzee akamwendea palepale kwenye kirikuu, akaweka kiganja juu ya jiwe. "Jiwe halina kosa, kijana. Tengeneza fremu mpya, weka pimamaji kabla hujatandika kitambaa." Mteja akaitikia, akapanda mbele. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mzee akalifuata dirisha.

"Na usiiweke karibu na mlango! Upepo wa huku unaleta mchanga, na mchanga unakula kitambaa."