Vita vina zamu, maongezi hayana

Mimi ndiye msimulizi wa kundi letu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kutunga hadithi pamoja ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na wachezaji wangu hawalingani hata kidogo. Mmoja anataka kupigana tu. Karatasi ya mhusika wake imejaa hesabu za mashambulizi hadi pembezoni. Mwingine anaweza kumaliza saa nzima akipatana bei na mlinzi wa lango niliyemtunga papo hapo, hata jina sijampa. Wa tatu husikiliza na kuchora ramani.

Kuna ushauri wa kugawa muda, nusu vita, nusu maongezi. Siuafiki. Ukigawa hivyo, nusu ya meza inacheza na nusu inachezea simu, kisha mnabadilishana.

Kwangu mzizi ni zamu. Kwa sheria za mchezo huu, mzunguko mmoja wa vita ni sekunde 6. Mizunguko 5 ni nusu dakika ya hadithi, ingawa mezani inaweza kumeza saa nzima. Lakini kila mtu ana hakika atafikiwa, maana dadu ya pande 20 imeshapanga nani anamfuata nani. Maongezi hayana foleni. Mwepesi wa mdomo ndiye anayesema, na mpiganaji wetu, mkimya ajabu, hubaki akizungusha dadu vidoleni akiomba mtu achomoe kisu. Si ajabu alikuwa akimrukia kila balozi! Vitani ndiko alikokuwa na uhakika wa kusikika.

Siku hizi maongezi yakirefuka nazunguka meza: "Mwenzako anaongea na malkia, wewe unafanya nini?" Mara ya kwanza mpiganaji alijibu, "Nahesabu walinzi. Natafuta anayeshika upanga kwa mkono wa kushoto." Mlinzi huyo hakuwemo kabisa kwenye mipango yangu. Nikamweka hapo hapo, na baadaye akaja kuwa msaliti wetu mkuu.

Vitani nako naweka adui mwenye la kusema: ana deni, au kalazimishwa. Mpenda maneno anatumia zamu yake kumrai, anarusha dadu, na akifaulu adui huyo anaweka silaha chini, sawa na aliyekatwa upanga. Mpiganaji alinung'unika kwamba anaporwa maadui. Nikamwongezea wengine.

Mchora ramani nilimuuliza pembeni kama anataka zamu zaidi. Akasema hataki, ila niwe nataja milango iko upande gani.