Mutombo si kidole tu
Vijana ninaowafundisha mpira wa kikapu hapa Makadara wanamjua mchezaji Dikembe Mutombo kwa kile kidole chake alichokitikisa kila alipozuia mtupo. Nao wanamwiga: ukizuiwa mtupo, aliyekuzuia anatikisa kidole mbele ya pua yako na uwanja mzima unapiga kelele. Juzi baada ya mazoezi niliwaonyesha kwenye simu mwisho wa ile mechi ya Mei 1994, Denver Nuggets, timu yake wakati huo, walipowatoa Seattle SuperSonics. Timu iliyoshika nafasi ya nane kuing'oa ya kwanza kwenye mchujo wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea! Mutombo amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso, furaha imemzidi. Tuliirudia mpaka chaji ikaisha.

Lakini nilitaka wajue zaidi. Mzaliwa wa Kinshasa, alienda Chuo Kikuu cha Georgetown akitaka kuwa daktari. Alicheza misimu 18, akazuia mitupo 3,289, na anayempita ni Hakeem Olajuwon peke yake. Mama yake alifariki 1998, vurugu zikiwa zimezuia asifikishwe hospitalini. Mutombo akatoa mamilioni ya dola zake mwenyewe, na 2007 hospitali yenye jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, ikaanza kupokea wagonjwa Kinshasa. Kwangu hiyo inazidi tuzo zake zote nne za mlinzi bora. Saratani ya ubongo ilimchukua Septemba 2024, akiwa na miaka 58 tu.

Mwenye video safi za enzi zake akiwa na timu ya Atlanta Hawks anitumie, tafadhali. Jumamosi tunaendelea.