Nilililia kioo

Ilikua Aprili 2019, masika yamechachamaa, mitaro ya Ngamiani imejaa mpaka inarudisha uchafu barabarani, na ndo ilikua Shaabani, mwezi ambao kwetu Tanga harusi zinafuatana kama zinafukuzwa kwa sababu kila mtu anataka amalize mambo yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Kuna kaka mmoja wa Chumbageni anapiga video za harusi, kompyuta yake ilikua kuukuu ya ofisini, video ya harusi moja anaiacha usiku inajitengeneza, anaamka asubuhi bado iko asilimia arobaini. Akanifuata akanambia mdogo wangu nitengenezee mashine, hela hii hapa, ila ndani ya wiki iwe mezani maana nina harusi nne hapa kichwani.

Vitu vyenyewe ilibidi viagizwe Kariakoo. Prosesa i7-8700, ndo ubongo wa mashine, madabodi yake, ile bodi kubwa vitu vyote vinapochomekwa, RAM mbili za GB 8, yani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kadi ya grafiki GTX 1060 ya mambo ya picha, SSD ya kuhifadhia, pawa saplai ya umeme, na kasha lenye kioo ubavuni na taa taa ndani. Mi nilimwambia kioo hakina kazi yoyote. Akasema kazi yake kuonekana, mteja akiingia studio aone kitu kinawaka ndo anaelewa kwa nini bei iko vile. Sikubisha, biashara yake anaijua mwenyewe.

Jamaa wa duka alikua mtu mzuri tu, siwezi kumsema vibaya. Aliunga vitu vyote pale pale dukani, akawasha, akanirushia video watsapu, feni zinazunguka, taa zinawaka, RAM inasoma 16, kila kitu safi. Sasa hapo ndo mi nikajifanya mjuaji. Nilikua nshasikia kwamba mashine ikisafirishwa imeungwa hivyo hivyo, lile feni refu la prosesa na mavyuma yake yote linaninginia kwenye bodi kama mkungu wa ndizi, basi likirushwa na tuta bodi inapinda, na kadi ya grafiki nayo inachana pale ilipochomekwa. Na ni kweli, hayo yanatokea. Nkampigia nkamwambia kaka fungua kila kitu, rudisha kila kitu kwenye boksi lake, ndo utume. Akasema we ndo mwenye mali.

Nisichomwambia ni habari ya kifuniko. Hizi prosesa za Intel, tangu ile soketi (pale prosesa inapokaa kwenye bodi) ya 775 ya mwaka 2004, chini ziko bapa zina vidoti tu, pini zenyewe ziko kwenye madabodi. Ndani ya soketi kuna shamba la vijisindano vyembamba kama unywele, vimeinama kidogo vyote upande mmoja, na bodi ikiwa mpya inakuja na kifuniko cheusi cha plastiki juu ya soketi kulinda hilo shamba. Ukishaweka prosesa kile kifuniko kinatoka na wengi wanakitupa, kinaonekana takataka tu. Yule jamaa nae alikitupa. Nilipomwambia afungue, akatoa prosesa, akarudisha bodi kwenye boksi lake soketi ikiwa wazi, afu ili skrubu zisipotee akaona azitie humo humo kwenye boksi la bodi. Pakiti ndogo ya nailoni, skrubu kama ishirini. Nia njema kabisa.

Likaja na basi. Enzi hizo stendi ya Dar bado iko Ubungo, mzigo ukaingia kwenye buti, Chalinze, Segera, Muheza, kilometa kama 350 na zile skrubu zinacheza ndani ya boksi njia nzima.

Nilifika stendi ya Kange, kwetu Tanga, kwenye saa kumi na mbili jioni, mvua za rasharasha. Karani wa mizigo ananipa boksi la kasha, nilipolibeba tu likalia kama kayamba. Moyo ukanipasuka. Nkalifungua pale pale mbele yake, kioo chote kimekua vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe, maana kile kioo cha aina hiyo hakivunjiki kipande kipande, kikivunjika kimevunjika chote. Nkapandisha sauti bana. Sio kawaida yangu ila siku hiyo nilipandisha. Karani ananambia kaka geuza risiti soma nyuma, imeandikwa mzigo wa kuvunjika ni juu ya mwenyewe. Nkamwambia nyie mmelaza madumu ya rangi juu yake, ona boksi lilivyobonyea, ona, hii duara hapa ni ya dumu! Watu wakajaa. Kuna mama alikuja kuchukua marobota yake ya vitenge akauliza kwa huruma, "Mwanangu, wamekuvunjia tivii?" nkamwambia ndio mama, maana kuelezea ingekua shughuli.

Mwisho wa yote akatoka mkubwa wao, akasema tusigombane, akanirudishia elfu kumi na tano niliyolipia mzigo na elfu ishirini juu ya kioo, tumalizane. Nkasaini kwenye daftari lao, nimepokea mzigo wangu, sina dai. Yale maboksi mengine niliyatikisa kidogo tu katikati ya kelele zile, sikusikia kitu, nkapanda bajaji. Nakumbuka kabisa njiani nilikua nafurahi, yani najiona nimewaweza. Kioo ningeenda kwa fundi vibao anikatie ile plastiki ngumu inayong'aa kwa elfu kumi na mbili, kwa hiyo hesabu yangu mpaka hapo nimepata faida.

Nyumbani nkala, nkaswali, nkakaa chini na mkeka nianze kuunga. Fungua boksi la bodi, ile pakiti ya skrubu imepasuka, skrubu zimetapakaa, moja imekaa juu ya soketi kabisa kama imewekwa. Nkamulika na tochi ya simu. Pini zote zinang'aa zimelala upande mmoja, vizuri, ila pembeni pale kuna sehemu kama shamba la mpunga lililopitiwa na nguruwe usiku. Nilikaa dakika nyingi sana sijafanya kitu. Mama akapita akauliza vipi mbona umeinamia hiyo kitu kama unaisomea dua.

Nkampigia jamaa wa duka. "Kaka mi nimekutumia video inawaka, ilitoka kwangu nzima. Waulize wenye basi." Wenye basi kesho yake: "Si ulisaini?" Na dhamana ya bodi kwa kawaida haigusi pini zilizopinda, kitu cha kwanza wanachoangalia ukirudisha ni soketi. Na aliyesema ifunguliwe ni nani? Hapo hata wa kumkasirikia sikumpata.

Usiku huo nilijaribu mwenyewe na sindano ya kushonea, mkono unatetemeka, nkaona hapa namaliza kabisa. Ndo nkamkumbuka yule babu fundi saa wa Ngamiani, anakaa barazani na kimeza chake cha kioo, saa za watu zinaning'inia nyuma yake kila moja na saa yake. Asubuhi nkaenda na bodi nimeifunga kwenye khanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Saa gani?"

"Siyo saa babu, ni kompyuta."

"Kompyuta mi sijui."

"Hujui sawa, ila sindano unazijua."

Akacheka kidogo, akabana lenzi yake jichoni, akainama. Akakaa kimya muda mrefu, akauliza hivi viko vingapi, nkamwambia elfu moja mia moja hamsini na moja. Akanitazama na lile jicho lenye lenzi. "Umevihesabu?" Nkamwambia hapana babu, ndo jina lake, soketi 1151. Akasema waliotengeneza hiki kitu hawana kazi ya kufanya.

Alifanya ile kazi kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Kibano chake kimoja chembamba kuliko vyote, anashika pini, anainua kidogo, anaacha, anapumua, anaangalia mstari wake na wenzie kama anapanga safu ya swala. Wateja wa betri za saa wanakuja anawaambia ngojeni. Mi nimekaa kwenye kigoda nakunywa kahawa ya bure, naogopa hata kukohoa. Zilikua pini tisa. Ya nane akaniita niangalie mwenyewe kwenye lenzi.

"Huu umekatika mkononi mwangu," akasema. "Ulikua umekunjwa mara mbili. Nimeuvunja mimi, sikufichi."

Nkamwambia babu usijali, pini nyingi pale ni za umeme na za ethi, ikikosekana moja nyingine zinabeba, labda hii ni moja wapo. Nilisema kumpoza yeye ila zaidi nilikua najipoza mwenyewe. Nilivyotoa elfu ishirini akachukua kumi, kumi akanirudishia, akasema kazi haikutimia. Nkalazimisha, akakataa kabisa, akageukia saa zake.

Haikua ya umeme wala ya ethi. Mashine ilipowaka nilishangilia peke yangu chumbani, afu nkaangalia RAM, inasoma 8. Nkabadilisha nafasi, nkazungusha, mpaka nikaelewa. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, kila njia ina nafasi zake mbili kwenye bodi, na ile pini ilikua ya njia ya pili. Njia ya pili imekufa. Nikizichomeka RAM zote mbili upande mmoja, nafasi ya kwanza na ya pili, inasoma 16 kamili, ila zinapita barabara moja badala ya mbili, kama daraja lililofungwa upande mmoja magari yanasubiriana. Kwa macho huwezi kujua. Ukiangalia namba ni 16.

Nkaifunga, nkabandika ile plastiki badala ya kioo, taa zikawaka, nkampelekea siku ya saba kama tulivyokubaliana. Alifurahi mpaka akaniita kaka. Harusi ambayo ilikua inalala usiku kucha ikatoka kabla ya chai. Alipokua anahesabu hela iliyobaki nkamwambia toa elfu hamsini, hiyo nimekupunguzia. Akauliza ya nini? Nkasema ya kioo, kioo kilivunjika njiani. Ambayo ni kweli kilivunjika.

Miaka miwili ikapita. 2021 ananipigia, njoo bana uniongezee RAM, programu zimekua nzito, na nimechungulia humo ndani nimeona kuna nafasi mbili ziko wazi. Nilivyofika zishanunuliwa, mbili za 8, ziko mezani na pakiti zake, na mkewe kaleta chai na vitumbua. Nkakaa. Bisibisi iko mkononi. Nkaona hapa hakuna pa kupitia, nkamweleza yote, skrubu, babu wa saa, pini, njia ya pili, yote.

Akanyamaza anakoroga chai ambayo haina sukari ya kukoroga.

"Kwa hiyo ile elfu hamsini," akasema, "ilikua ya kioo au ya kuninyamazisha?"

Sikua na jibu. Akamgeukia mkewe akamwambia, si nilikwambia siku ile ile, huyu hana tabia ya kupunguza bei, kuna kitu kaniwekea humu. Mkewe akacheka mpaka akainuka akaenda jikoni.

Zile mbili za 8 nkazichukua, na mbili za zamani nkazitoa, wiki iliyofuata nkamletea mbili za 16 zikakaa kwenye zile nafasi mbili nzima. Ikasoma 32. Ya kujazia niliitoa mfukoni kwangu na hakuniambia asante, na mi sikuisubiri.