Sisi Tuliosimama Nyuma

Stima zilipotea Alhamisi, saa mbili kasoro usiku, sherehe imepamba moto. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anatimiza miaka kumi. Keki iko mezani, watoto wa jirani wamejaa sebuleni mpaka kwenye ngazi, na ile spika kubwa waliyoazima kwa mwenye saluni pale chini ikakata pumzi katikati ya wimbo. Huku Kisauni, Mombasa, tumezoea. Mishumaa ya keki ikafanya kazi mbili. Nikakaa kwenye kiti changu nikingoja, maana nilikuwa na hakika kwamba mtoto mmoja ataanzisha wimbo na wenzake watamwitikia. Wapi! Haikupita dakika, kila mmoja kawasha simu yake, nyuso zote zimemulikwa rangi ya maji, na sebule ikawa kimya kama darasa siku ya mtihani.

Nikamwambia mjukuu, "Unajua kuna kundi zima la muziki lilizaliwa hivi hivi?"

"Babu, stima zitarudi saa ngapi?"

Basi hadithi ambayo hakuitaka nawaletea nyinyi. Septemba 1952, mjini Atlanta, Marekani, kijana Merald Knight alikuwa anatimiza miaka kumi, sawa na mjukuu wangu. Gramafoni ikagoma. Mdogo wake, Gladys, wa miaka minane, akaanza kuimba. Kaka mtu akaingia, dada yao Brenda akaingia, na binamu zao wawili, William na Eleanor Guest. Binamu mwingine, James Woods, alikuwa na jina la utani, Pip, na jina hilo ndilo walilojiita: the Pips, ambao dunia ikaja kuwajua kama Gladys Knight and the Pips. Huyo Gladys hakuwa mgeni wa kuimba mbele za watu. Mwaka huohuo, akiwa na miaka saba, alikuwa ameshinda shindano la waimbaji chipukizi la Ted Mack kwenye televisheni. Lakini siku ile nyumbani ndiyo aliyopata watu wa kumwitikia, na mimi hiyo ndiyo siku ninayoihesabu.

Nina sababu yangu. Toka 1987 hadi 1992 nilikuwa mmoja wa wanaume watatu waliosimama nyuma ya mwanamke mmoja, kwenye bendi ya hoteli upande wa Shanzu. Mashati ya kitenge tuliyoshonewa na fundi mmoja wa Majengo, suruali nyeupe, raba nyeupe tulizozipaka rangi upya kila Jumatatu. Saa moja na nusu wageni wako kwenye bafe, sisi tunawapigia "Malaika" na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kwa sababu usipoipiga hiyo wageni wenyewe watakuja kuidai. Ikifika saa tatu, Wajerumani wamelainika, dada yetu anashika maikrofoni na kuingia kwenye nyimbo za soul. Na katika hizo zote, iliyowatoa watu vitini ilikuwa "Midnight Train to Georgia."

Wimbo huo una safari yake. Jim Weatherly aliyeutunga aliuandika kwanza kama ndege ya usiku kwenda Houston. Cissy Houston, mama yake Whitney, ndiye aliyetangulia kuurekodi ukiwa umegeuzwa treni na Georgia, kisha ukamfikia Gladys. Mwaka 1973 ukapanda hadi namba moja Marekani, na mwaka uliofuata ukampa yeye na wenzake tuzo ya muziki ya Grammy. Mtu aliyezaliwa Atlanta akiimba treni ya kwenda Georgia, anaimba kurudi kwao.

Kwetu pia haukuhitaji tafsiri. Ni habari ya mwanamume aliyekwenda mji mkubwa kutafuta jina, mji ukamshinda, akakata tikiti ya kurudi alikotoka, na mwanamke anayempenda akaamua kupanda naye. Nani Mombasa hamjui mtu huyo? Treni ya usiku ya Nairobi ilikuwa inamshusha kila asubuhi pale stesheni, begi moja na macho mekundu. Nina binamu yangu aliyekwenda Nairobi kuwa mwigizaji, akarudi daraja la tatu akiwa amekaa juu ya gunia la viazi la mtu. Dada yetu alikuwa akifika pale kwenye tikiti, wahudumu wa hoteli wanaacha kukusanya sahani. (Siku hizi ukirudi umeshindwa unashushwa Miritini na treni mpya, halafu utafute matatu ya kukuleta mjini. Hakuna atakayekutungia wimbo.)

Nataka kueleza kazi yetu ilikuwa nini, kwa sababu watu hudhani mwitikiaji ni pambo. Mimi kuitikia nilijifunza madrasa, kwenye maulidi. Pale adabu ni kungoja: msomaji anamaliza beti, sauti inatua, ndipo mnaipokea kwa pamoja na matari. Akina Pips hawangoji. Wanalidaka neno kabla halijafika chini, wanalirudisha kwa mwimbaji, mara wanakubaliana naye, mara wanamsimulia wao habari za huyo bwana, mara wanageuka kuwa treni yenyewe. Yeye Gladys anaanza chini, na ile sauti yake nzito, bila haraka. Hapigi kelele. Ana nafasi ya kutopiga kelele kwa sababu wale wanaume watatu wanaujaza ukumbi nyuma yake. Usikilize tena wimbo ule uwaondoe kichwani, utaona umebaki na mwanamke anayezungumza peke yake usiku.

Tuliujifunza kutoka kwenye kanda. Kipande cha sekunde nne tulikirudisha nyuma kwa kuzungusha biro kwenye tundu la kanda, tusije tukamaliza betri, mpaka utepe ukalegea na sauti za Pips zikaanza kuyumba kama walevi. Kiingereza chetu kilikuwa cha shule ya msingi na kingine cha wageni. Kuna neno moja ambalo kwa miaka mitano niliitikia kwa moyo wangu wote, na nimekuja kugundua juzi, kupitia simu ya mkwe wangu, kwamba si neno la lugha yoyote. Hakuna Mjerumani aliyelalamika.

Halafu ile honi ya treni. Mkono wa kulia unapanda juu ya kichwa, ngumi inafungwa kama imeshika kamba, unavuta mara mbili, na mguu wa kushoto unarudi nyuma pamoja na mvuto wa pili. Ukiona Pips wakifanya utadhani ni mchezo. Aliyewafundisha hatua, Cholly Atkins, alikuwa mcheza dansi mkongwe wa viatu vya kugonga, na utaalamu wake ulikuwa kupanga miguu kwa kufuata pumzi: mwimbaji azunguke, atupe mikono, lakini neno lake likifika awe amesharudi kwenye maikrofoni na hajaishiwa hewa. Sisi hatukuwa na Atkins. Tulikuwa na kioo cha chumba cha wafanyakazi, ambacho kilituonyesha toka kifuani kwenda juu tu. Ndiyo maana mguu wangu ulikuwa unachelewa.

Watu wengine wanaanza kumjua Gladys na treni hiyo, na wanasahau alikuwa amekwishaimba zaidi ya miaka ishirini kufika hapo. Brenda na Eleanor waliondoka mwishoni mwa miaka ya hamsini, binamu mwingine, Edward Patten, akaingia. "Every Beat of My Heart" uliwatoa mwaka 1961. Mwaka 1966 wakaingia kampuni ya rekodi ya Motown, na huko, nionavyo mimi, hawakuwahi kuwa watoto wa kwanza wa nyumba. Mwaka 1967 walitoa "I Heard It Through the Grapevine," ukafika namba mbili Marekani. Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyohiyo ikautoa wimbo huohuo kwa sauti ya Marvin Gaye, ukakaa namba moja wiki saba, na leo ukiutaja kila mtu anamtaja Marvin. Ningekuwa mimi ningenuna mpaka leo. Wao walisubiri mkataba uishe, wakahamia kampuni nyingine, Buddah, mwaka 1973, na treni ikaja mwaka huohuo.

Mwisho wa miaka ya sabini kesi za mikataba zikawatenganisha. Gladys hakuruhusiwa kurekodi na wenzake kwa miaka kadhaa. Pips wakatoa albamu mbili bila yeye, hazikushika. Nimezisikiliza. Waitikiaji wazuri, hakuna wa kumwitikia. Nilikuwa na huzuni ya ajabu, kama kuona viti vitatu vimepangwa barazani na mwenye nyumba kasafiri. Yeye naye alikuwa na yake, maana aliwahi kueleza mwenyewe jinsi kamari ya karata ilivyomkamata, mpaka akahitaji msaada wa kuiacha. Lakini walirudiana. "Love Overboard" ikawapa Grammy nyingine mwaka 1989, na hapo Pips wakavua suti zao, wakaenda kupumzika, na Gladys, mwaka huohuo, akaimba peke yake wimbo wa filamu ya James Bond, "Licence to Kill."

Sisi hatukupumzika, tulipunguzwa. Mwaka 1992 hoteli yetu, siitaji jina, ilinunua kinanda chenye sauti za watu ndani. Unabonyeza kitufe, wanaitikia. Meneja alituita nyuma ya jiko, akatuonyesha jinsi kinavyofanya kazi, kwa furaha kabisa, kama anayetuonyesha mtoto wake. Dada yetu akabakizwa. Sisi watatu tukaambiwa turudishe mashati. Mishahara ya miezi miwili tuliyodai, mpaka leo naidai. Nilikwenda kumsikiliza mara moja tu baada ya hapo, nimesimama upande wa ufukweni pamoja na wauza vinyago. Kinanda hakikukosea hata mara moja. Lakini kilikuwa kinaitikia muda uleule kila usiku, iwe dada ameshusha pumzi au hajashusha, na yeye akawa anakimbia kukiwahi. Mwimbaji aliyekuwa akituvuta kama ngalawa na kamba, sasa anavutwa yeye.

Kwa miaka mingi hilo ndilo nililoamini na kulisema kila kibarazani: kwamba Gladys alidumu kwa sababu ya Pips, na angepewa kinanda angeisha. Hoja nzuri, inanipa cheo. Shida ni kwamba haisimami. Pips waliacha mwaka 1989 na yeye hakuacha. Mwaka 1996 waliingizwa wote wanne kwenye jumba la heshima la rock and roll, na baada ya pale akaendelea. Mwaka 1999 akamzika mwanawe aliyekuwa meneja wake, akaendelea. Patten alifariki mwaka 2005, William Guest mwaka 2015. Februari 2019, kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, iliyochezwa Atlanta kwao, aliimba wimbo wa taifa, na mwaka 2022 akapewa heshima ya Kennedy Center, ambayo Marekani huwapa wasanii wake wakubwa. Mwaka 2025, umri wake ukigeuka kutoka 80 kuwa 81, alikuwa kwenye ziara na waimbaji wenzake Patti LaBelle, Chaka Khan na Stephanie Mills.

Nimekaa nikitazama video zake za uzeeni kutafuta siri. Nyuma kuna waitikiaji wengine, vijana, wazuri kuliko sisi. Nilichokiona kipo kwake yeye. Akifika mwisho wa mstari anafunga mdomo, anainamisha kichwa kidogo upande, na anangoja. Anaacha pengo la upana uleule aliouacha mwaka 1973. Nilipolitazama pengo lile, mkono wangu ulipanda wenyewe, mke wangu akaniuliza nataka nini.

Jumapili nikapanda matatu ya Mtwapa. Dada yetu anakaa huko toka alipoacha hoteli, anachoma mahamri asubuhi na viazi karai jioni, na ana wateja wa kupanga foleni. Nilimkuta mbele ya karai, kanga mbili, mgongo kanipa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Usije ukaniambia umekuja kwa miguu na jua hili."

Nikamsimulia habari ya spika na watoto na simu. Akacheka. Nikamsimulia habari ya kinanda, nilivyosimama ufukweni siku ile, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Hakusema kitu. Aligeuza mahamri moja moja kwa kijiti, akaongeza kuni, akapangusa mikono. Halafu, bila kugeuka, akaanza mstari wa kwanza, chini kabisa, sauti imekuwa na mchanga ndani yake, na alipofika mwisho akanyamaza.

Nikaitikia. Wateja wawili wakageuka. Akaendelea, nikaendelea, mpaka tukafika kwenye honi, nikavuta kamba mara mbili juu ya kichwa, pale pale kando ya barabara ya Malindi, boda boda zinapita.

"Mguu," akasema. "Bado unachelewa."

Hakuwa hata amenitazama. Kumbe miaka yote ile alikuwa anausikia.

Nikanunua mahamri kumi, akanifungia kumi na mbili kwenye gazeti, akanikemea kwamba nimemuunguzia mengine.