Nilivyoupumzisha mtufaha kwenye joto

Kinachoutesa mtufaha mahali penye joto ni kukosa mapumziko, wala si jua lenyewe. Aina nyingi zilizozoeleka huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7 ndipo machipukizi yafumuke vizuri. Zisipoipata, mti hung'ang'ania majani mwaka mzima na kutoa ua moja moja huku na kule.

Kwa hiyo nilianzia kwenye aina. Nilipanda Anna, iliyozalishwa Israeli, pamoja na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas. Zote mbili hutosheka na saa 300 au pungufu, na huchanua wakati mmoja, zikachavushana. Miche ilikuwa ya kubebeshwa juu ya shina la chini lenye mizizi liitwalo MM 111, linalovumilia ukame. Mbegu sikuzigusa, maana mche wa mbegu haufuati mama yake na hukusubirisha miaka.

Kazi kubwa ikawa kuupumzisha mti. Hapo nilifuata njia ya wakulima wa Batu, kisiwani Java nchini Indonesia, ambao huvuna matufaha mara mbili kwa mwaka karibu na ikweta. Matunda yakishavunwa, nilipunguza maji, kisha nikayachuma majani yote kwa mkono. Nilishika kila jani kwenye kikonyo bila kuparura, kwa sababu chipukizi lijalo limekaa papo hapo. Matawi yaliyosimama wima niliyainamisha kwa kamba hadi yakakaribia kulala, kwani tawi la wima hukimbilia kurefuka badala ya kuzaa. Inahitaji moyo kuuvua mti wenye afya namna ile! Lakini nilipoyarudisha maji na kuongeza samadi iliyooza, maua yalifumuka kwa pamoja mti mzima, na hilo ndilo nyuki wanalohitaji ili wachavushe sawasawa.

Gome lililobaki uchi nilipaka chokaa lisiungue, na chini nikatandaza nyasi kavu, mbali kidogo na shina.

Matunda machanga niliyapunguza, nikaacha moja au mawili kwenye kila kichala. Usipofanya hivyo yanadumaa, na mti unachoka hata msimu unaofuata. Anna haikai muda mrefu baada ya kuchumwa, kwa hiyo navuna kidogo kidogo kadiri yanavyokomaa, na tunayala yangali magumu na yenye maji.